Sketi ya Kaki Mpaka Geita

Shija, ndugu yangu,

Nimekaa barazani kwangu hapa karibu na stesheni. Treni ya mizigo imepita kwenda Mwanza na sasa kumetulia. Nimeandika barua nyingi maishani, za kuomba likizo na za kuomba uhamisho, hata ile ya kumposea mpwa wangu, lakini sijawahi kumwandikia mtu ambaye nilishika koleo nikamfukia. Utanisamehe nikipotea njia.

Kwanza habari za nyumbani, maana najua ndizo ungeuliza. Mkeo Mama Kulwa hajambo. Siku za mwanzo tulihangaika naye, alikuwa hali, akishika kijiko anakirudisha. Sasa amerudi kwenye cherehani yake pale sokoni. Nikipita nasikia mlio wake, natulia kidogo. Kulwa na Doto wako shuleni, wanakua haraka, na Doto ameanza kutembea kama wewe, mikono nyuma. Kule kinuni pamba ni nyingi msimu huu, marobota yamepangwa mpaka nje. Kwenye mizani yako wamemweka karani mwingine, kijana mpole tu, lakini amegeuza kiti, anaangalia ukutani. Wewe ulikaa ukiangalia mlangoni, ukimsalimia kila mkulima aliyeshusha mzigo. Nilitamani nimwambie akigeuze. Sikumwambia. Si kiti changu.

Mimi Jumapili ndizo zinanishinda. Natoka kanisani, miguu inageuka yenyewe kuelekea vilima vya Kizumbi, nafika pale kwenye lambo, narudi. Peke yangu sipandi.

Jana nilikumbuka jinsi matembezi yetu yalivyoanza, nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuniangalia.

Ulikuwa umetoka hospitali kupasuliwa ngiri. Ulijitia kuwasaidia makuli kuinua robota, wewe karani, na nyama za kinena zikaachia. Daktari akakukataza baiskeli, akakukataza kubeba kitu chochote kizito, akasema tembea, tembea kila unapopata nafasi. Hilo la kutembea lingekuwa jepesi kama si suruali. Mkanda ulikaa sawasawa juu ya mshono. Hata ulipoacha mkanda, pindo la kinenani lilikukwaruza mpaka kidonda kikaanza kutoa maji tena. Ukajaribu kujifunga msuli. Siku ile pale Kizumbi kwenye majabali, msuli ukanasa kwenye mwiba, wewe ukaendelea kupanda, msuli ukabaki chini. Na wale akina mama waliokuwa wakiokota kuni! Mmoja alijifunika uso kwa kanga, lakini jicho moja aliliacha nje.

Nyumbani Mama Kulwa hakucheka. Alikutazama, akachukua futi yake ya kupimia, akasema, "Nguo ya kukufaa haijashonwa bado, Baba Kulwa. Simama wima."

Akakushonea sketi. Hatukuiita jina jingine, maana ilikuwa sketi kweli. Aliikata kwenye kaki ya sare za shule. Mbele ilikuwa bapa, nyuma akaitia marinda ili hatua ipate nafasi, vifungo akaviweka ubavuni, kiuno akakipandisha juu ya mshono. Ilishuka mpaka chini ya magoti. Akaitia mifuko miwili mirefu, na wewe siku hiyohiyo ukaijaza karanga. Ulitembea chumbani kwenda na kurudi, ukachuchumaa, ukasimama, ukasema, "Makoye, haigusi popote." Ulivyosema, ungedhani umepewa miguu mipya.

Halafu ukapita nayo sokoni. Yule muuza nyanya akapaza sauti, "Shikamoo Mama Shija, karibu nyanya!" Watu wakaangua kicheko. Nawe, bila hata kukunja uso, "Marahaba, mwanangu. Nipimie fungu moja, na uache utani kwenye biashara." Pale stendi vijana waliojipa kazi ya kukagua sketi fupi za wasichana wakakusimamisha. Wakaitazama yako, wakatazamana. Ukawauliza, "Ni fupi?" Wakasema hapana. "Inabana?" Hapana. "Basi nipisheni."

Mji mzima ulisimulia hilo. Lakini hawakukuona ulipofika kwangu. Ulikaa hapa hapa nilipokaa mimi, ukasema, "Inauma kuliko mshono." Nilichukua fimbo yangu nikakuambia twende. Tukaenda, tukapanda mpaka juu, tukakaa kwenye jabali tukitafuna karanga. Upepo ukawa unapeperusha yale marinda, na pole pole ukaanza kupiga mluzi. Tangu siku ile tulitembea kila Jumapili. Mshono ulipona, na hata ulipopona kabisa hukuiacha sketi yako ya vilimani. Ulisema suruali ni ya kinuni.

Nataka kukumbuka ile safari ya Geita yote, Shija. Nivumilie.

Kidonda kilikuwa kimefunga, lakini bado kibichi, ujumbe ulipokuja kwamba Mama ni mgonjwa, yuko kwa kaka yako Nkwabi, na anakuulizia. Mafuta yalikuwa yameadimika, basi la Geita lilikuwa halijaonekana stendi, na hata kama lingekuwepo, ule mtikisiko ungekupasua upya. Ukaja kwangu ukasema utakwenda kwa miguu, kwa hatua ndogo ndogo, utafika utakapofika. Mimi nilikuwa na likizo yangu. Mke wangu alinifungia michembe ya viazi na chumvi, na mjumbe wetu wa nyumba kumi akatuandikia barua ya kututambulisha njiani.

Tulitoka alfajiri. Wewe na sketi yako, mimi na suruali yangu ya reli, ile nzito. Siku ya pili, tukishaipita Solwa, jua lilikuwa linachoma ile mbuga nyeusi mpaka inapasuka, na mapaja yangu yalikuwa yamechubuka, natembea miguu imeachana kama mtoto aliyejikojolea. Hukunisema. Ulifungua shanta yako ya mgongoni, ukatoa sketi ya pili, ukanirushia. Nikakuambia hiyo ni yako. Ukasema, "Shemeji yako alikupima kwa macho ulipokuwa unakula kwake. Vaa, acha kujitesa."

Niligeukia mgunga mmoja nikavaa. Ilinikaa sawasawa! Aibu ningeiona wapi, nyikani pale, wakati ule upepo ulipopita? Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nikajikuta narukaruka. Wewe ulicheka ukashika ubavu, ukanisihi niache, mshono usije ukaachia.

Tulipokaribia Salawe tukakuta akina mama kisimani. Tukawaamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, wakaitikia vizuri, kisha wakatutazama kuanzia chini. Ndoo ya mmoja iliporomoka kisimani kwa kicheko. Ikabidi mimi na fimbo yangu tuiopoe. Bibi mmoja akakusogelea, akashika pindo lako, akaligeuza kuangalia upande wa ndani. "Nani kashona marinda haya?" Ukamwambia ni mkeo. Akasema, "Huyo mwanamke anakupenda," akakujazia kibuyu. Baada ya hapo ulitembea mkono ukiwa juu ya marinda. Nilijua unamfikiria Mama Kulwa, nikakuacha.

Tulilala kwa watu, kila tulipofika tulipokewa. Kasheshe ilikuwa karibu na Kharumwa. Mgambo wawili wakatusimamisha, wakatuuliza wanaume wawili wenye sketi na shanta tunatoka wapi na tunajificha nini. Mmoja alisema hadharani kwamba sisi ni wapelelezi. Nikamwambia mpelelezi gani anajivalisha ili kila mtu amtazame? Alinikaripia. Wakatupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, na watoto nyuma yetu wanaimba.

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mnene, mkali. Akaisoma barua ya mjumbe, akairudia. "Hii imeandika majina yenu. Haikuandika sababu ya hizo nguo." Watu walijaa mlangoni. Wewe ukasimama mbele yao, ukaeleza bila kuficha. Nilipasuliwa ngiri, mzee wangu. Suruali inanikwaruza. Mama yangu anaumwa Geita, nami siwezi kumfikia kwa suruali.

Nilidhani watacheka. Mwenyekiti akawaambia watu wote watoke, hata mgambo. Akafunga mlango. Nami nikaanza kuogopa sasa kwa dhati. Kumbe yule mzee alisubiri tu hatua za watu zipungue, akasogeza kiti chake, akakuuliza kwa sauti ya chini, "Ulipopasuliwa, uliumia sana?"

Alikuwa nayo ngiri, Shija. Alikuwa ameificha miaka, hata mkewe hakuambiwa, na ule ukali wote ulikuwa maumivu. Ulimfungulia vifungo vya ubavuni ukamwonyesha mshono. Aliutazama kama mtu anayesoma habari njema. Akaugusa kwa kidole kimoja. Mlizungumza mpaka ugali ukaja. Asubuhi mgambo walewale walitusindikiza mpaka mwisho wa kijiji, mmoja akiwa amebeba shanta yako.

Na tukafika Geita. Nilidhani magumu yameisha.

Kaka yako alitusikia tukibisha hodi, akatoka mpaka kwenye uzio wa minyaa. Nilimwona uso wake ukibadilika. Aliitikia salamu yako, alipokea shikamoo yangu, lakini hakusogea kutupisha. Akarudi ndani, akatoka na suruali yake mkononi, iliyopigwa pasi. "Vaa hii ndipo uingie kwangu."

Ukamwambia, "Kaka, nimekuja kumwona Mama."

"Mama yuko ndani. Suruali hii hapa."

Ulikaa chini palepale, nje ya uzio, na miguu yako imejaa vumbi la siku zote zile. Nami nikakaa karibu yako. Kaka yako akabaki amesimama na ile suruali mkononi. Sijui tungekaa hivyo mpaka lini. Ndipo tukasikia sauti ya Mama kutoka ndani, nyembamba, "Shija? Shija wane, mwanangu?"

Nalikumbuka hilo kuliko yote. Alitoka akishika ukuta. Alikuwa amekonda, nguo inamning'inia. Nkwabi akamkimbilia, "Mayu, unaumwa, rudi ndani." Hakumsikiliza. Alikuja mpaka nje, akajishusha chini pole pole kando yako, akaweka mkono juu ya goti lako, juu ya ile kaki. Akasema kwa Kisukuma, taratibu kabisa, "Nitaingia na mwanangu."

Hapo ndipo kaka yako alipofumbua kinywa. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Alisema alipokuja huku ujanani kutafuta kazi, alikuja amejifunga kaniki ya baba yenu mabegani, bila nguo nyingine. Kwenye kambi moja ya wachimbaji, msimamizi akamvua mbele ya watu, akaitupa kaniki motoni, akasema hapa hakuna kazi ya mashenzi. Alisimama uchi huku watu wazima wanacheka, mpaka mpishi mmoja akamtupia gunia. "Niliapa," alisema, "hakuna mtoto wa mama yangu atakayechekwa tena kwa ajili ya nguo. Na wewe unakatiza nchi nzima watu wakikucheka, unanijia nyumbani."

Hata Mama alikuwa hajui habari ile. Alimtazama Nkwabi kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Wewe ulisimama. Nilidhani utajibu kwa hasira, maana ulikuwa umechoka. Ukapandisha shati, ukafungua vifungo vya ubavuni, ukamwonyesha mshono. Ukasema, "Kaka, nilipasuliwa. Kila aliyenicheka nilimpita kwa sababu nilikuwa nakuja kwa Mama. Hii ndiyo nguo iliyonifikisha."

Aliuangalia mshono muda mrefu. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeuza ng'ombe uje. Na Mama angebaki na nani?"

Nkwabi akaikunja suruali yake, akaiweka begani. Akainama, akamwinua Mama mkono mmoja, nawe ukamshika mkono wa pili. "Ingieni," akasema. "Chakula kitapoa." Hakusema samahani, na wewe hukuingoja. Jioni ile nilimwona akileta maji ya moto ya kukuoshea miguu, yeye mwenyewe, kaka mkubwa, mwenye duka na watu wa kutuma.

Mama alianza kula tukiwa pale. Kila asubuhi mlimtoa juani, mmoja huku mmoja kule, nami nikifuata na kiti. Tulipoondoka Nkwabi akatusindikiza. Tulidhani atafika njia panda arudi, akaja mpaka gulioni, penye watu wengi. Kijana mmoja akapiga kelele kuhusu sketi zetu. Kaka yako akageuka, na wote walimjua. Akasema, "Huyu ni mdogo wangu. Amekuja kwa miguu kutoka Shinyanga kumwona mama yake. Anayetaka kucheka aje acheke hapa mbele yangu." Mama mmoja akasogea, akatuletea ndizi mbivu. Njiani ulinigeukia ukasema, "Umemsikia?" Ukauliza tena baadaye, na tena. Nilikujibu kila mara kwamba nimemsikia.

Baada ya miezi kadhaa dereva wa lori alileta kitambaa cha kaki kinuni, kimefungwa kwa kamba, kutoka kwa mwenyekiti wa Kharumwa. Alikuwa amekwenda hospitali, amepasuliwa, anataka sketi, na vipimo amevituma kwa uzi wenye mafundo. Mama Kulwa alicheka mpaka akalia. Aliishona siku hiyohiyo.

Nimeyaandika yote haya, ndugu yangu, nikizunguka jambo moja. Ngoja sasa nilisogelee.

Kaka yako alifika kwenye mazishi. Alikuja juu ya lori la mizigo, vumbi mpaka kwenye kope. Alisema Geita imebadilika, vilima vimejaa vijana wenye sururu na makarai, kila mtu anachimba. Alishika koleo, na alipomaliza hakutaka kulitoa mkononi. Tulipokaa baadaye, yeye na mimi, akaniambia kwamba Mama hajui. Aliondoka akimdanganya kwamba anafuata bidhaa za duka. Mama anakuulizia kila siku, anasema mvua zikipungua Shija atakuja. Nkwabi akanishika mkono, yule mzee mgumu, akasema, "Makoye, mimi nimejaribu. Nafika mlangoni kwake kinywa kinafunga. Wewe ulikuja naye. Njoo umwambie."

Nilisema nitaomba ruhusa kazini. Ruhusa ninayo, Shija, nimepewa tangu juzi. Nilichokosa ni moyo. Ile sura yake akitoka ndani ameshika ukuta kwa ajili yako, halafu mimi nikaingie mlango ule bila wewe? Nimekaa siku hizi nikitafuta maneno, sikuyapata, ndiyo maana nikaona nikuandikie wewe kwanza.

Na sasa nikiandika naona kwamba hatahitaji maneno mengi. Akiniona niko peke yangu atajua.

Basi nimeamua, nakwenda. Mabasi yapo siku hizi, lakini nitapita njia ileile kwa miguu, ili nifike nimeshalia yote ya kulia. Mama Kulwa alitaka twende wote, nimemwomba awangoje watoto wafunge shule, kisha nitamfuata nimpeleke. Ameninyooshea ile sketi yangu ya kaki bila kuniuliza kama nitaivaa. Nitaivaa.

Nakuahidi hivi. Nitamwamkia Mama kwanza, nitakaa chini miguuni pake, nitamwambia kwa Kisukuma. Akitaka kujua kama uliteseka, sitamficha kwamba homa ilikuwa kali, na nitamwambia kwamba mwishoni ulilala, mkono wako ukiwa ndani ya mikono ya Mama Kulwa. Akilia nitalia naye. Akikataa kula nitakaa naye mpaka ale. Asubuhi tutamtoa juani, Nkwabi upande mmoja, na upande wako nitashika mimi.

Lala salama, Shija. Wabeja, asante ndugu yangu, kwa kunitembeza.

Ni mimi,
Makoye